Vinara wa Kilimo Hai Duniani, na Vipimo Vilivyowapa Ushindi

Australia ina hekta milioni 53 za kilimo hai. Uganda nzima, pamoja na maziwa yake, haifiki hekta milioni 25, kwa hiyo ardhi hiyo ya Australia ingeimeza Uganda mara mbili na nafasi ikabaki. Ukiuliza nchi ipi ina wakulima wengi wa kilimo hai, mambo yanageuka: Australia haionekani hata kwa mbali, India iko mbele, na Uganda inakaa nafasi ya pili duniani. Ukiuliza tena ni nani aliyeweka sehemu kubwa zaidi ya mashamba yake kwenye kilimo hai, jibu ni Liechtenstein, nchi ndogo iliyobanwa kati ya Uswisi na Austria, ambayo ardhi yake yote ni ndogo kuliko wilaya nyingi za Tanzania. Majibu yote matatu ni sahihi.

Takwimu hizi hukusanywa kila mwaka na FiBL, taasisi ya Uswisi ya utafiti wa kilimo hai, ikishirikiana na IFOAM, shirikisho la kimataifa la kilimo hai lililoanzishwa Versailles, Ufaransa, mwaka 1972. Kitabu chao cha mwaka kilitoka mara ya kwanza mwaka 2000, na siku hizi huzinduliwa kwenye maonyesho ya Biofach mjini Nuremberg, Ujerumani. Toleo la 2025, linalobeba hesabu za mwisho wa 2023, linaonyesha karibu hekta milioni 99, wazalishaji milioni 4.3, na kwamba kilimo hai kimeshika takriban asilimia 2.1 ya ardhi yote ya kilimo duniani.

Shamba linaingia kwenye hesabu hiyo kwa mlango mmoja tu: liwe na cheti, au liwe kwenye kipindi cha mpito chini ya ukaguzi likisubiri cheti. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, nalo hufuata mkondo huo. Lina mstari mmoja wa ardhi iliyokwisha kuthibitishwa na mwingine wa jumla, unaochanganya iliyothibitishwa na iliyo kwenye mpito. Bibi wa Rombo ambaye maisha yake yote ametia samadi kwenye migomba na hajawahi kununua kemikali hayumo katika mstari wowote kati ya hiyo. Ndiyo maana nasema rekodi za kilimo hai hutuambia kwanza nani ameandikishwa, kisha ndipo zituambie nani analima vipi. Kila kinara anayetajwa hapa nitamtaja pamoja na kipimo kilichomweka juu.

Ardhi kubwa kuliko zote

Milioni 53 za Australia ni zaidi ya nusu ya ardhi yote ya kilimo hai duniani. India na Argentina, zinazoifuata, zina takriban hekta milioni nne hadi nne na nusu kila moja. Sasa angalia ni ardhi ya namna gani. Kwa makadirio, asilimia 97 ya eneo hilo la Australia ni malisho: nyanda kame za ndani ya bara, ambako ng'ombe na kondoo hutembea mbali kufuata majani, na ambako hakuna mfugaji angerudisha gharama yake akinyunyiza mbolea ya viwandani.

Hapa ndipo fasili inapofanya kazi. FAO hugawa ardhi ya kilimo katika mafungu matatu: ardhi ya mazao ya msimu, ardhi ya mazao ya kudumu kama kahawa na miembe, na malisho ya kudumu, yaani ardhi inayotoa majani ya mifugo kwa miaka mitano au zaidi, yawe yamepandwa au yamejiotea. Hekta ni hekta. Bustani ya nyanya inayomwagiliwa asubuhi na jioni na uwanda unaolisha ng'ombe mmoja katika eneo la viwanja kadhaa vya mpira huandikwa kwa uzito uleule. Duniani kote, takriban theluthi mbili ya ardhi ya kilimo hai ni malisho.

Mwaka 2022 jumla ya dunia ilipanda kwa hekta milioni 20, ongezeko kubwa lisilo na mfano. Ukiisoma jumla hiyo peke yake utadhani wakulima wa pembe zote za dunia wameamka pamoja. Ukweli ni kwamba milioni 17 kati ya hizo zilitoka Australia, iliyoruka kutoka milioni 35.7 hadi 53. Kwingineko kote ongezeko lilikuwa kama milioni tatu, ambazo kwa kweli ndizo zinazosimulia zaidi juu ya jembe na jasho.

Sisemi kwamba malisho si kilimo. Ni kilimo halali, na ufugaji unaoitunza nyasi unastahili heshima yake. Ninachosema ni kwamba nyanda za Simanjiro, Turkana na Karamoja hulisha mifugo kwa majani yaliyojiotea, vilevile bila mbolea ya viwandani, lakini hakuna mkaguzi aliyefika kuzipima na kuzipa cheti, kwa hiyo hazihesabiwi. Kama zingeandikishwa, safu ya nchi zinazoongoza Afrika ingebadilika mwaka huohuo bila ng'ombe mmoja kubadili alichokula.

Visiwa vya Falkland vinatoa funzo hilo kwa udogo wake. Mwaka 2014 ndivyo vilivyoongoza dunia kwa asilimia, vikiwa na zaidi ya asilimia 36 ya ardhi ya kilimo. Ranchi za kondoo huko ni chache na kila moja ni kubwa mno, kiasi kwamba wenye ranchi wachache wakiamua kutoendelea na cheti, asilimia ya visiwa vyote inaporomoka. Ikaporomoka, na Liechtenstein ikapanda kileleni.

Asilimia ya juu kabisa

Liechtenstein sasa ina zaidi ya asilimia 40. Kwa hekta, hizo ni takriban 1,600 tu. Mimi ningempa kombe Austria. Ina zaidi ya asilimia 27, katika nchi yenye watu milioni tisa, milima ya Alps, mashamba ya ngano, mizabibu na ng'ombe wa maziwa, na imefika hapo kwa sera za serikali zilizoshikiliwa tangu miaka ya 1990. Asilimia kubwa katika nchi yenye mashamba ya kila aina ni kazi nzito kuliko asilimia kubwa zaidi katika bonde moja.

Barani Afrika kinara wa asilimia ni São Tomé na Príncipe, yenye zaidi ya asilimia 20, kwa nguvu ya kakao inayouzwa Ulaya kupitia vyama vya ushirika.

Wakulima wengi kuliko wote

Hii ndiyo rekodi inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki, na ndiyo yenye fasili tata kuliko zote.

India ina zaidi ya nusu ya wazalishaji wote wa kilimo hai waliosajiliwa duniani: takriban milioni 2.4. Uganda inafuata ikiwa na 404,246. Ardhi ya kilimo hai ya Uganda ni kama nusu milioni ya hekta, kwa hiyo kila mkulima ana zaidi kidogo ya hekta moja, yaani ekari tatu hivi. Ukichukua Afrika yote, ina takriban asilimia tatu ya ardhi ya kilimo hai duniani, lakini ina zaidi ya mkulima mmoja katika kila watano. Kwa hekta tunaonekana wadogo, kwa watu tunaonekana wakubwa.

Lakini fuata mfululizo wa miaka uone. Mwaka 2019 Uganda iliandikwa na wakulima 210,000, nafasi ya pili. Mwaka 2020 haikuwemo kwenye tatu bora; Ethiopia ilikuwa ya pili na Tanzania ikashika nafasi ya tatu duniani, ikiwa na wakulima 148,607. Mwaka 2021 Uganda ikarudi na laki nne na ushee, na toleo lililofuata likaibeba tarakimu ileile hadi mkulima wa mwisho. Hakuna nchi inayopata wakulima laki mbili wapya kwa mwaka mmoja kwa kupanda mbegu tu, wala hakuna inayomaliza mwaka mzima bila mkulima mmoja kufariki, kuhama au kujiunga. Hizo ni dalili za daftari: lililetwa, halikuletwa, au liliwasilishwa la zamani.

Tatizo la msingi liko katika neno la kwanza la safu hiyo ya jedwali, mzalishaji. Mkulima wa Ujerumani ana cheti chake mwenyewe, chenye jina lake. Mkulima wa kahawa wa Kagera hawezi kumudu gharama ya mkaguzi kutoka nje, kwa hiyo huingia katika kundi. Kundi lina cheti kimoja na mfumo wake wa udhibiti wa ndani, na mkaguzi wa nje hukagua mfumo huo pamoja na sampuli ya wanachama. Nchi moja ikiripoti vyeti, kundi la watu elfu tano litaandikwa kama mzalishaji mmoja. Jirani yake akiripoti wanachama, kundi kama hilohilo litaandikwa elfu tano. Watayarishaji wa kitabu wenyewe huweka angalizo hili wazi kila mwaka, na wanaonakili jedwali mara nyingi huliacha nyuma.

Mfumo huu wa makundi una historia kwetu. Mwaka 1994 pamba hai ilianza kulimwa Lango, kaskazini mwa Uganda, na mwaka huohuo Meatu, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Simiyu. Kuanzia 1997 hadi 2008 programu ya EPOPA, iliyogharimiwa na Sweden, ilisaidia makundi ya Uganda na Tanzania kuuza nje kahawa, kakao, viungo na matunda. Pamba ya Meatu na jirani zake ina rekodi yake pembeni: taarifa za shirika la Textile Exchange, ambazo hupima tani za nyuzi badala ya hekta, zimekuwa zikiitaja Tanzania katika kundi dogo la nchi zinazotoa karibu pamba yote hai ya dunia, pamoja na India, China, Uturuki, Kyrgyzstan na Tajikistan.

Anayetaka kuona takwimu hizi zinapozaliwa asiende Nuremberg. Aende ofisi ya chama cha msingi, aombe kuona daftari la mkaguzi wa ndani. Humo kuna jina la mkulima na namba yake, kijiji, ekari za kila zao, idadi ya miti ya kahawa, makadirio ya mavuno ya msimu, kilo alizouza msimu uliopita, na tarehe ya mwisho shamba kuguswa na kemikali. Kuna pia ramani iliyochorwa kwa mkono, ikionyesha jirani wa upande wa juu anayepulizia dawa na mstari wa miti unaolikinga shamba. Mkulima aliyekadiriwa kilo mia tatu akileta kilo mia sita, karani wa ghala anatakiwa kusimamisha mzani na kuuliza nyingine zimetoka wapi. Safu hizo zikijazwa kwa uaminifu, Uganda na Tanzania zina rekodi ya kweli. Zikijazwa kwa kunakili za mwaka jana, tuna namba tu.

Na jina linaloandikwa mara nyingi ni la baba mwenye kiwanja. Mama anayepalilia, anayekusanya samadi na anayechuma kahawa nyekundu punje kwa punje hayumo. Kaya moja, mzalishaji mmoja. Siku tutakapohesabu mikono badala ya hati, rekodi ya laki nne itaonekana ndogo.

Kanuni mpya ya Umoja wa Ulaya, namba 2018/848, iliyoanza kutumika ndani ya Umoja huo Januari 2022, imebadilisha hesabu upya, na sasa inawabana pia wauzaji wa nchi zetu. Kundi lisizidi wanachama 2,000. Liwe na utu wa kisheria, yaani lisajiliwe kama chombo cha wakulima wenyewe, si orodha iliyoko mkononi mwa mnunuzi. Mwanachama awe na shamba lisilozidi hekta 5, au mapato yake ya kilimo hai na mzigo wa gharama ya cheti viwe ndani ya viwango vilivyowekwa. Mkaguzi wa nje akague angalau asilimia 5 ya wanachama kila mwaka, na sampuli za kupimwa maabara zichukuliwe kwa angalau asilimia 2. Chama kikuu chenye wakulima elfu kumi sharti kigawanyike makundi matano au zaidi. Nchi zinazoripoti vyeti zitaonekana zimekua mara tano bila mkulima mpya hata mmoja, na nchi ambazo vyama vyake vitashindwa gharama za kujisajili upya zitaonekana zimekufa huku samadi ikiendelea kubebwa shambani kama kawaida.

Msitu mkubwa kuliko shamba

Finland ina mamilioni ya hekta za kilimo hai ambazo hazimo katika ile jumla ya milioni 99. Ni misitu. Humo watu huokota beri za porini na uyoga, na sheria ya kimila ya nchi hiyo inamruhusu yeyote kuingia msituni na kuchuma. Ardhi ya kuokotea na ya kufugia nyuki huwekwa katika fungu lake, mbali na ardhi ya kilimo, na katika fungu hilo Finland ndiyo kinara wa miaka mingi.

Kwa upande wa Afrika, Zambia imekuwa ikitajwa kwa asali ya misitu ya miombo ya kaskazini-magharibi, misitu ya ukanda uleule unaopanda hadi Katavi na Tabora. Kanuni za Ulaya hutaka maua yaliyo ndani ya kilomita 3 kuzunguka mizinga yawe kwa sehemu kubwa ya porini au ya mashamba hai. Piga hesabu: duara la kilomita 3 kila upande lina zaidi ya hekta 2,800. Mfuga nyuki mwenye mizinga ishirini chini ya mti mmoja wa mtundu anaweza kuegemea eneo kubwa kuliko Liechtenstein yote inavyolima kwa njia hai. Naona ni busara fungu hili kutengwa. Asali inastahili kupimwa kwa kilo na kwa mizinga, na ninapoona mwandishi amejumlisha misitu na mashamba ili apate namba kubwa, naiacha taarifa yake palepale.

Kusubiri kurefu kuliko kote

Marekani hutaka miezi 36 ipite tangu kemikali iliyokatazwa itumike shambani kwa mara ya mwisho hadi kuvunwa kwa mazao yatakayouzwa kama ya kilimo hai. Umoja wa Ulaya hutaka miaka 2 kabla ya kupanda mazao ya msimu, na miaka 3 kabla ya kuvuna ya kudumu. Mwongozo wa mwaka 1999 wa Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, ambao nchi nyingi huuegemea, unaelekea hukohuko. Katika kipindi hicho mkulima hulipa ukaguzi, huacha mbolea ya dukani, na anauza kwa bei ileile ya jirani yake asiyebadilika. Hicho ndicho kipindi wengi wanachokatia tamaa.

Kwa mtakwimu, ardhi ya mpito ni ishara ya kesho. Nchi yenye ardhi kubwa iliyothibitishwa na mpito mdogo imefika ukingoni; yenye mpito mkubwa inakuja. Bahati mbaya nchi nyingi huripoti mafungu hayo mawili kwa mkupuo, na ishara inapotea.

Kuna kifungu ambacho wakulima wetu wangefaa kukijua kuliko chochote: muda uliopita unaweza kutambuliwa, kukiwa na ushahidi kwamba ardhi haikutiwa kemikali. Kwa shamba la Kyela au Bukoba ambalo halijawahi kuona dawa, hiyo ni miaka mitatu ya kuokolewa. Ushahidi ni maandishi. Neno la mdomo, hata la mzee anayeheshimika, halitoshi mbele ya mkaguzi.

Shamba gumu kuliko yote kuliainisha

Hapa sina shaka, taji ni la kihamba cha Wachaga. FAO ilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu, Kilimanjaro, mwaka 2011 katika orodha yake ya mifumo ya kilimo yenye thamani ya urithi wa dunia. Simama ndani yake: juu kabisa miti ya mringaringa na mruka inatoa kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na kwenye udongo magimbi, maharagwe na majani ya ng'ombe aliye bandani. Mfereji unapita pembeni. Ni ekari moja au pungufu, na kwenye ainisho la FAO ina mazao ya msimu, mazao ya kudumu, miti ya mbao na lishe ya mifugo kwa pamoja.

Kanuni ni kwamba ardhi ihesabiwe mara moja. Kwa hiyo ama mtakwimu aigawe ekari hiyo vipande vya kubuni, nusu kahawa, robo ndizi, ama aiandike chini ya zao kuu. Kihamba kikiingia cheti kupitia kundi la kahawa, kitaandikwa kahawa. Cheti kinataka shamba zima litunzwe kwa njia hai, kwa hiyo mgomba nao umekaguliwa, lakini mnunuzi ameagiza kahawa peke yake. Mikungu ya mshare itapanda pikipiki hadi soko la Mwika na kuuzwa kama mikungu mingine yote, bila alama na bila bei ya ziada. Katika vitabu vya dunia, kahawa ni miongoni mwa mazao ya kudumu yenye ardhi kubwa zaidi ya kilimo hai, huku Ethiopia, Peru na Mexico zikiwa mstari wa mbele. Ndizi zilizokua chini ya kivuli kilekile zimefichwa na safu ya jedwali.

Soko kubwa, mlaji mkubwa, tani nyingi

Dunia hununua bidhaa za kilimo hai za takriban euro bilioni 136 kwa mwaka. Marekani peke yake hununua za bilioni 59 hivi, ikifuatiwa kwa mbali na Ujerumani. Kwa kichwa, Mswisi ndiye anayetumia zaidi, zaidi ya euro 460 kwa mwaka. Kwa sehemu ya kikapu kizima cha chakula, Denmark inaongoza kwa karibu asilimia 12.

Kinachopimwa hapa ni mauzo ya rejareja, kwa hiyo kilo ya kahawa ya Kagera humpa heshima mnunuzi wa Zurich, pamoja na ukaangaji, pakiti na faida ya duka. Fedha iliyomfikia mkulima ni sehemu ndogo ya euro hizo, na haina mstari wake katika jedwali.

Ukitaka kujua mzigo umetoka wapi, Umoja wa Ulaya una mfumo wa kielektroniki uitwao TRACES, ambao kila shehena ya kilimo hai hupitia na cheti chake. Taarifa zake za uagizaji zinaonyesha ndizi zikiongoza, na Ecuador ikiwa msambazaji mkubwa kwa miaka kadhaa. Kipimo ni tani. Kwa tani, vanila ya Mukono na Bundibugyo haionekani kabisa, ingawa kilo moja ya vanila na kilo moja ya ndizi hazikai sokoni meza moja.

Upande wetu wa bahari giza ni zito zaidi. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa za forodha huipa kahawa mbichi isiyoondolewa kafeini namba 0901.11, na namba hiyo haiulizi kama ni ya kilimo hai. Gunia lenye cheti na gunia lisilo nacho hupita bandari ya Mombasa au Dar es Salaam kwa namba moja. Marekani iliongeza namba zake za ndani za bidhaa za kilimo hai mwaka 2011. Nchi yoyote inaweza kufanya hivyo kwa kuongeza tarakimu mwishoni, na ningetaka kuona Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ikifanya.

Mageuzi makubwa, na anguko kubwa

Jimbo la Sikkim, kaskazini-mashariki mwa India, lilitangazwa Januari 2016 kuwa jimbo la kwanza kuwa la kilimo hai kwa asilimia mia, kwa takriban hekta 75,000. Safari yake ilianza 2003, ikipunguza ruzuku ya mbolea za viwandani hatua kwa hatua, ikitoa vyeti kijiji kwa kijiji. Miaka kumi na mitatu.

Sri Lanka ilijaribu kufika huko kwa amri. Mwaka 2021 serikali ilipiga marufuku uagizaji wa mbolea na viuatilifu vya viwandani; wakulima wa mpunga na chai waliachwa bila mboji ya kutosha, mavuno yakaanguka, na kabla ya mwaka kuisha marufuku iliondolewa. Mtu akisema nchi nzima iligeuka ya kilimo hai kwa miezi ile, takwimu zinamkatalia. Hakukuwa na mpito, ukaguzi wala cheti, kwa hiyo hakuna hekta iliyoongezeka kwenye kitabu kwa sababu ya amri. Katika hili fasili imetenda haki: kukosa mbolea si sawa na kulima kilimo hai, na mkulima aliyenyang'anywa pembejeo bila kuandaliwa hastahili kutumika kama ushahidi dhidi ya mkulima wa Sikkim.

Majaribio marefu

Watafiti wa Uswisi wamelinganisha kilimo hai na cha kawaida huko Therwil tangu 1978. Kwetu, jaribio refu zaidi la aina hiyo liko Kenya, Chuka na Thika, lilianza 2007 na linaendelea. Thamani yake ni kwamba linapima mzunguko mzima wa mazao, mahindi, mboga na jamii ya kunde kwa miaka mfululizo, pamoja na udongo na gharama, badala ya gunia la msimu mmoja.

Alama moja, nchi tano

Mwaka 2007, Dar es Salaam, Afrika Mashariki ilizindua kiwango chake cha mazao ya kilimo hai, EAS 456, pamoja na alama ya Kilimohai. Kilikuwa kiwango cha pili cha kikanda duniani baada ya kile cha Umoja wa Ulaya. Rekodi hii hatuitaji vya kutosha. Kiwango hicho kinamruhusu hata mkulima mdogo asiyeuza nje kupata alama kupitia uthibitisho shirikishi, ambapo wakulima na walaji hukaguana wenyewe kwa wenyewe kwa kanuni zilizoandikwa. Ndio mlango pekee ambao yule bibi wa Rombo anaweza kuupita bila kumlipa mkaguzi wa Ulaya.

Kwa hiyo nina ombi kwa watu wawili. Wewe mtakwimu wa taifa, sensa ijayo ya kilimo iwe na swali moja kwa kila kaya: shamba hili lina cheti cha kilimo hai, liko kwenye mpito, au halijatiwa kemikali kwa miaka mitatu bila cheti? Majibu matatu, yaandikwe katika safu tatu tofauti. Na wewe katibu wa chama cha msingi, funga daftari la mwaka jana na uende shambani na jipya. Andika jina la mama pamoja na la baba, pima ekari kwa hatua au kwa simu, andika ndizi na maharagwe pamoja na kahawa, na ukitoka usiondoke bila tarehe na sahihi ya mkulima.